Kapu la Langoni

Kwa siku ya ishirini na tatu mfululizo, Mama Karoti aliweka kapu lake juu ya meza ya askari wa lango la hospitali, akijua fika kwamba halitavuka.

"Fungua," askari alisema, hata shikamoo hakuna.

Foleni iliguna. Fundi cherehani aliyesimama nyuma, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, alisonya waziwazi. Nani asiyemjua askari huyo? Siku za mwanzo alikuwa akipekua watu akiwa kitini. Siku hizi alisimama wima na sauti ilikuwa imempanda. Sheria ilikataza chakula cha nje kuingia wodini, naye aliing'ang'ania kama kupe. Alichokizuia hakikutupwa. Kila mtu alijua kinaishia wapi.

Ndani ya kapu mlikuwa na bakuli la maharage, majani ya kunde, na karoti tano zilizong'olewa asubuhi hiyo, udongo ungali umezishika.

"Uchafu huu ndio unauleta hospitalini?"

"Huo si uchafu, ni udongo hai," Mama Karoti alijibu, kidevu juu. "Una vijidudu usivyoviona, ndivyo vinavyolisha mimea. Mimea nayo inalisha vile vilivyomo tumboni mwako. Ukiua vya chini, usishangae vya tumboni vikigoma. Na udongo huohuo umewalea wengi wanaoringa leo kwa sababu wamevaa sare."

Watu wakaangua kicheko. Askari hakucheka. Alilivuta kapu upande wake, akatoa chini ya meza bakuli la jana, limeoshwa mpaka linang'aa.

"Chukua chombo chako. Na maharage ya jana yalizidi chumvi."

"Jamani!" Fundi cherehani alishindwa kuvumilia. "Unakula cha wagonjwa, halafu unalalamikia chumvi?"

Mama Karoti alimshika mkono, akamvuta pembeni kwenye kivuli cha ukuta. "Mwache. Chumvi nitapunguza."

"Mama, wewe ni mpole mno."

"Mpole? Mimi?" Alicheka hadi kitambaa cha kichwani kikalegea. "Kamuulize muuza dawa za kuua wadudu niliyemtimua shambani na jembe mkononi. Nyumbani wakaniita mwendawazimu. Tuligombana, na mmoja wao hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Sikurudi nyuma hata hatua moja. Na hapa langoni sirudi."

Fundi alitikisa kichwa. Alimhurumia, lakini pia alianza kumpenda. "Mgonjwa wako anasumbuliwa na nini?"

"Tumbo. Miaka miwili ni chipsi na soda, soda na chipsi. Likimkata anajikunja kama jongoo. Ukimshauri hasikii. Kichwa kigumu, na siwezi kumlaumu, amekirithi kwangu."

"Sasa atapona vipi, ikiwa kila siku chakula chake kinaishia kwa yule mlafi?"

Mama Karoti alinyoosha shingo. Alikuwa akitazama lango. Askari alikuwa ameshaisuuza karoti moja bombani, na sasa aliitafuna huku akimwelekeza dereva mahali pa kuegesha gari. Kutoka pale ukutani ilisikika ikikatika kwa meno.

Mama Karoti akafunga upya kitambaa chake, akatia bakuli tupu kwapani na kuishika njia ya kurudi.

"Mama! Huingii kumwona?"

"Nimeshamwona. Anaendelea vizuri."

"Umemwona saa ngapi? Wodini hujaingia!"

"Wodini sina mtu," alisema, akionyesha lango kwa kidevu. "Askari yule nilimzaa mwenyewe. Aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba hatapokea tena chakula kutoka mkononi mwangu. Kwamba hatanyang'anya, hakuapa."