Ndoo Nyepesi

Mshamu alikuwa ghorofa ya tatu, akivuta kwa kamba ndoo za zege zilizojazwa na wenzake chini. Sakafu ilikuwa imemwagwa nusu tu. Kazi ingesimama, zege lingeganda na sakafu ingepata ufa. Basi adhana ya magharibi ilipolia, aliendelea kuvuta, koo likiwa kavu kwa saumu tangu alfajiri.

"Wewe mfungaji!" Kulwa, mjaza ndoo, alipaza sauti. "Hiyo nzito kuliko zote! Ukiiangusha, kichwa changu hicho!"

Mshamu akakaza mikono, akavuta kwa nguvu zote. Ndoo ikapaa, naye nusura aanguke chali. Ndani mlikuwa na tende, muhogo wa nazi na chupa ya uji wa moto.

"Na zege je?" aliuliza, akichungulia chini.

"Futuru, bwana! Tunaligeuza sisi lisigande. Au huoni misuli hii?"

Makoleo sita yalikuwa yakizunguka katikati ya vicheko.

Mshamu akasema bismillahi, akala, akanywa. Kisha akaishusha ndoo taratibu. Wenzake wakainua nyuso bila kuacha kugeuza zege, na ndani ya ndoo tende sita zikaja zikibingirika.