Haki ya Kusimamisha Kazi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, boti ya uokoaji haikuwepo. Jesca aliandika hivyo kwenye daftari lake, akaandika na saa.

Ilikuwa siku ya sita ya kurekodi tamthilia kwenye mdomo wa mto Ruvuma, na mara ya tatu boti hiyo kukosekana. Jesca alikuwa afisa usalama. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu anayeumia ili picha ipatikane. Mwongozo wa kurasa ishirini na mbili, alioutunga mwenyewe, ulimpa haki moja kubwa: kusimamisha kazi wakati wowote bila kuadhibiwa.

Mwanaidi, msaidizi wa utayarishaji, alimbadilishia betri ya redio ya mkononi. Ya jana ilikuwa bado nzima.

"Mwalimu, boti iko wapi?" Jesca alimuuliza Stefano, mwongozaji. Stefano ndiye aliyemfundisha chuoni, na ndiye aliyempa kazi hii.

"Injini imegoma Msimbati. Lakini si una mwongozo wako, mama wa sheria? Ukurasa wa tisa. Usome kwa sauti, wote wasikie."

Jesca akasoma. Mwigizaji aliyethibitisha kwa maandishi kwamba anajua kuogelea aliruhusiwa kuingia majini bila boti ya uokoaji, mradi awepo mwogeleaji mmoja wa kumwangalia. Issa, fundi wa taa, alikuwa mwogeleaji huyo. Fomu ya mwigizaji, Nassoro, ilikuwa na alama ya vema kwenye kisanduku cha kuogelea.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inaruhusiwa."

"Haya. Tunashukuru serikali."

Watu wakacheka. Jesca akafunga mwongozo.

Tukio lenyewe lilikuwa fupi. Nassoro angeanguka kutoka kwenye boti ya uvuvi, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Kina kilikuwa mita nne na mkondo ulivuta kuelekea baharini.

Saa nne kasorobo, Nassoro alimkuta Jesca kwenye turubai la chakula. "Dada, njoo ukae upande huu, huko jua litakuchoma." Akamsogezea kiti. Halafu akasema kwamba kwenye fomu alidanganya.

"Hujui kuogelea kabisa?"

"Mimi mtu wa Newala, dada. Kwetu maji tunayaona kwenye ndoo." Hakutabasamu. "Nikisema, nafasi anapewa mwingine, mimi narudi kubangua korosho. Usimwambie mtu, nakuomba. Nitabana pumzi tu."

"Pumzi haizuii mkondo."

"Dada, umri huu sitapata nafasi nyingine."

Jesca alifunga daftari lake. Kisha akamsimulia habari za Paulo, mdogo wake. Paulo alikuwa fundi umeme wa filamu. Siku yake ya pili kazini aliona waya umelala kwenye maji, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mgeni na hakutaka kuonekana mjuaji. Alizikwa Makambako akiwa na miaka ishirini na mbili. Mwongozo ule uliandikwa mwezi uliofuata. Katika miaka minne Jesca hakuwahi kumweleza mtu sababu ya kuuandika.

"Rudia hapo mwisho, dada," Nassoro alisema. "Upepo umechukua maneno."

Akarudia. Safari hii alilia. Nassoro alimshika bega, na Jesca akamwahidi mambo mawili: hatamtaja kwa mtu, na hatamwacha aingie majini.

Saa tano na dakika tano, boti ya uvuvi ilisogezwa ukingoni. Nassoro alipanda bila jaketi okozi, kama tukio lilivyotaka.

"Simamisheni kazi," Jesca alisema.

Stefano alivua vipokea sauti masikioni. "Sababu?"

"Kuna hatari."

"Hatari iko kila mahali. Hata ugali unapalia. Taja sababu iliyomo kwenye mwongozo wako."

"Mwongozo haunilazimishi kutaja, Mwalimu."

"Basi nakulazimisha mimi. Taja sababu, naahirisha. Usipotaja, kesho alfajiri unapanda basi, na hakuna mwongozaji nchi hii atakayekuita tena. Nitahakikisha."

Jesca alimtazama Nassoro. Nassoro alitikisa kichwa kidogo: hapana.

Sentensi moja ingetosha kuokoa kazi yake. Hakuisema. Aliingia majini na viatu vyake, maji yakamfika magotini, akaishika kamba ya boti kwa mikono miwili.

"Andika umenifukuza," alisema. "Lakini huyu haendi."

Ilipita karibu nusu dakika.

"Kata," Stefano alisema. "Safi kabisa."

Nassoro alivua shati. Alikwenda hadi mwisho wa boti, akajirusha kichwa mbele, akaibuka mbali na kuanza kuogelea kwenye mkondo, mkono baada ya mkono, bila haraka. Kamera zote mbili hazikumfuata. Zilikuwa zimeelekezwa kwa Jesca.

Saa tano na dakika ishirini na mbili, Mwanaidi alimletea fomu ya ridhaa ya kurekodiwa. Jina la Jesca lilikuwa limekwisha kuchapwa juu, kwenye nafasi ya mhusika mkuu. Chini yake yaliorodheshwa matukio kumi na manne yaliyokamilika kurekodiwa, la kwanza likiwa la yeye kushuka uwanja wa ndege wa Mtwara, wiki iliyopita.