Spana Inayolia

Tunu alikuja dukani kumnunulia kaka yake spana ya kipimo, ile inayolia “ka!” nati ikishakazwa vya kutosha. Kabla ya kulipa, akaijaribu kwenye bolti iliyobanwa mezani. Ikalia.

“Umesikia, dada? Nzima kabisa,” muuzaji akasema.

Tunu akaishika nati kwa vidole viwili. Ikafunguka kama kizibo cha soda.

Akasonya, akaitupa nati mezani, akajifuta mkono kama aliyegusa matapishi. “Hamna hata haya! Mnauza mlio?”

“Mbona ile kama hii uliyonunua hapa juzi hukulalamika?”

Asubuhi hiyo Tunu alikuwa amekazia nati za magurudumu yote manne ya gari lao kwa spana ile, mumewe akaondoka nalo na watoto.

Akampigia mumewe simu. Ikaita, ikaita. Mezani, nati ilikuwa bado inabingirika.