Mgeni Chini ya Kitanda

Venant aliingia chini ya kitanda kwa shida, akagonga kichwa, akatulia. Juu yake Prudencia alikunja magoti, akasikiliza.

"Lazima aizoee sindano," Sista Renatha alisema, bila hata kuinama. "Na wewe, Prudencia, huondoki hapa mpaka atoke." Akaenda zake wadi ya wazazi.

Dirishani, meli ya Nansio ilikuwa imeanza kutoa moshi. Baba yake Prudencia alikuwa bandarini na tikiti. Nyumbani mbuzi wa Prudencia alikuwa amezaa mapacha, na watu wote wa Nansio walikwisha kuwaona isipokuwa mwenye mbuzi.

Prudencia alikuwa na miaka minane, na wadi ya watoto aliijua kuliko darasa lake. Alikwisha kuona wageni wa kila namna. Masele alimng'ata nesi. Odeta alijifanya amekufa, kwa ustadi hata mama yake akaangua kilio, wadi nzima ikapokea, mpaka marehemu alipopiga chafya. Huyu alilia kimyakimya. Wa namna hiyo ndio wagumu.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Ndiye aliyenilazimisha."

"Yuko wapi?"

"Kamachumu."

"Basi hakuoni." Akateremsha nusu ya biskuti. Ikapokelewa. "Unaogopa maumivu au damu?"

"Damu."

"Usitazame."

"Lazima nitazame."

"Nani kakwambia? Mimi natazama ziwa."

"Wewe unaweza. Mimi siwezi." Kamasi zikavutwa. "Na nikizimia je?"

"Utakuwa umezimia hospitalini. Unataka uzimie wapi, sokoni?"

Chini ya kitanda mtu alicheka, kisha akakumbuka kulia.

Meli ikapiga honi ya kwanza.

"Sikia," Prudencia alisema. "Ikipiga ya pili, inaondoka, na mimi nalala hapa tena, na biskuti ndiyo hiyo ilikuwa ya mwisho. Toka!"

Venant akatoka kinyumenyume. Akapangusa machozi, akafuta makombo yaliyonasa kwenye ndevu, akanawa mikono.

Prudencia akatoa chini ya mto bomba jipya la sindano yake ya mwisho, alilonunua baba yake duka la dawa mjini, akamkabidhi. Kisha akanyoosha mkono, uso ameuelekeza ziwani.

"Shikamoo, Daktari," alisema. "Mshipa mzuri ni huo."