Waya Mnene

Mtaro wa umeme ulikuwa wazi mbele ya jengo, na mafundi walisubiri neno moja tu: walaze waya mwembamba kama ule wa zamani, au mnene wa kubeba mahitaji ya baadaye. Wenye nyumba walikutana uani. Kwa desturi yao, anayekubali jambo huweka ufunguo wa mlango wake kwenye sinia.

Mwanaidi wa ghorofa ya juu aliweka wake kwanza.

"Mwanangu anarudi kutoka hospitali na mashine ya oksijeni," alisema. "Waya mwembamba hautaibeba. Na nyinyi pia, jamani, mtaishi na taa na feni tu mpaka lini?"

"Kesho ikija, itakuja na umeme wake," alisema mwenyekiti, Mzee Shekue. Watu wakacheka.

Sinia likapita mkono kwa mkono, ufunguo mmoja ukilia peke yake. Lilipofika kwa shoga yake, Mishi, Mwanaidi alitabasamu. Mishi alikuwa na ufunguo mkononi. Akaufumbata.

"Shoga, nisamehe. Nyumba yangu naiuza. Kwa nini nimlipie waya mtu nisiyemjua?"

"Unamjua mwanangu."

Mishi alilisukuma sinia mbele.

Mafundi wakalaza waya mwembamba, wakaanza kufukia. Watoto wa jengo wakakimbilia kwenye udongo, wakawa wanarukaruka juu yake ili ushindiliwe vizuri, na wazazi wao wakawapigia makofi.