Tufani Arudi au Asirudi

"Arudi, jamani, anangoja nini?" aliandika mmoja, na nusu ya kundi la mashabiki ikamuunga mkono, nusu ikampinga.

Ugomvi ulikuwa juu ya Tufani, yule shujaa wa tamthilia anayeweza kurudi miaka ya nyuma. Mkewe kipenzi alikufa akijifungua. Tufani akirudi kumwokoa, mke atapona, lakini mtoto hatazaliwa kamwe. Basi watu wazima na ndevu zao walikuwa wameshikana mashati kwa ajili ya mwanamke wa kwenye runinga.

Popo alikuwa amejifungia chumbani, simu mkononi, roho juu juu. Popo ni jina lake la kundini tu. Hakuna aliyejua kuwa ni msichana wa shule, wala kwamba Fundi Friji, shabiki mkongwe kuliko wote, ni baba yake mzazi, aliyekaa sebuleni upande wa pili wa ukuta. Shangazi peke yake ndiye aliyejua, na ndiye aliyemtia moyo: "Muulize tu, mwanangu."

Maana mama yake Popo naye alikufa akimzaa yeye. Baba hakuwahi kumlaumu kwa maneno. Alimlisha, akamsomesha, akamwita "wewe". Kumtazama usoni ndiyo ilikuwa kazi. Na Popo alitaka kujua jambo moja tu duniani, kama baba angembadilisha na mama.

Akaandika: "Fundi, tuseme wewe ndiye Tufani. Ungerudi?"

Fundi Friji akaanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena. Ujumbe ukaingia, ukafutwa kabla Popo hajausoma. Kisha ukaja mwingine: "Nisingerudi. Mtoto ana kosa gani? Ningebaki nimlee mwanangu."

Popo alilia mpaka akacheka. Alinawa uso, akachemsha chai, akatia sukari nyingi anavyopenda mzee, akaipeleka sebuleni kwa mikono miwili.

"Baba, chai."

Baba aliipokea, macho yakiwa palepale kwenye simu. "Umeridhika?"

"Na nini, baba?"

"Shangazi yako kanipigia asubuhi. Kasema Popo ni wewe, nikujibu vizuri, mitihani imekaribia." Akapuliza chai, akanywa kidogo. "Nimeshajibu. Sasa jitoe humo kundini, nami niseme langu."