Shavu la Kushoto

"Hapo usiguse, mama," alisema mtangazaji, akaudaka mkono wa mpambaji kabla brashi haijafika shavuni.

Mpambaji, ambaye kituo kizima cha televisheni kilimwita Mama Poda, akashusha pumzi. Miaka nenda miaka rudi, wimbo ulikuwa uleule. Uso wote upakwe, lakini lile kovu la moto kwenye shavu la kushoto, lenye umbo la kijiko, liachwe wazi. Nywele nazo zisukwe mistari minne ya kwenda nyuma, basi.

"Utazeeka na nywele za chekechea, mwanangu. Na hicho kijiko kilikuwa cha nani?"

"Sikumbuki."

"Leo ndiyo mwisho wako kwenye kioo. Ningekupamba mpaka kamera yenyewe ione haya."

Mtangazaji alijaribu kucheka, kicheko kikagoma.

Kazi yake ilikuwa matangazo ya waliopotea. Kila jioni, habari zikiisha, aliketi peke yake mbele ya kamera akasoma: jina la aliyepotea, alivyovaa, nani anamtafuta. Tangazo lisilo na jina la aliyepotea na la anayemtafuta halikusomwa. Hiyo ilikuwa sheria ya kituo, na hakuwahi kuivunja.

Sasa meneja mpya alikuwa ameingia na panga mkononi. Waandishi watatu walikwisha kuonyeshwa mlango. Taarifa ya habari ya saa nzima ilikatwa nusu. Na kuanzia kesho, matangazo ya waliopotea yangekuwa picha zao na sauti tu, bila mtu wa kuonekana akiyasoma.

Mchana wa siku hiyo alikuwa amemfuata meneja ofisini, machozi yakimtangulia.

"Dada, mbona unalia kama uliyefukuzwa?" meneja alishangaa. "Kazi unayo, mshahara haujaguswa. Sauti yako tunaihitaji. Kinachoondoka ni uso tu."

"Sauti ichukue bure, bosi. Niachie uso."

Meneja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Tusidanganyane," alisema. "Nilipofika tu nilikupa taarifa kuu ya habari. Sharti lilikuwa moja, ufunike hilo kovu, ukanikatalia. Leo unang'ang'ania dakika tano ambazo watu wanazitumia kwenda kunawa mikono. Shida yako nini hasa? Unataka kuonekana?"

"Ndiyo," alijibu. "Nataka kuonekana."

Meneja alitegemea akane, walau kwa adabu. Badala yake, mwanamke mzima na heshima zake alipiga magoti juu ya zulia.

"Mwaka mmoja tu, bosi."

"Inuka, dada, watu watatuelewa vibaya."

"Basi mwezi."

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini meneja alikwisha kuinua simu ampigie mtu mwingine.

Habari zilitangulia kufika chumba cha mapambo kabla yake, kama kawaida ya kituo kile. Wengine walisema kioo kimemlewesha. Wengine walisema uzuri ukianza kuaga, mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Mama Poda naye aliamini hivyohivyo, na alimwonea huruma.

"Chukua likizo," alimwambia sasa, akimfunga kitambaa shingoni asichafue nguo. "Nenda kwenu ukapumzike."

"Kwetu?"

"Ndiyo, kwenu. Maana hata siku ya harusi yako sikuwaona. Upande wa bibi harusi tulijaa sisi wa kituo. Tukala na sehemu yao, Mungu atusamehe."

Mtangazaji aliikalia mikono yake. Aliogopa, kwa hofu ya mtoto anayeona taa zinazimwa moja moja. Kesho jioni watu wangewasha televisheni zao, na yeye hangekuwepo pale walipozoea kumkuta.

Wakamwita studio.

Taa nyekundu iliwaka. Alisoma habari za mzee aliyetoka kwenda kinyozi asirudi, na za kijana aliyetoroka shule. Alisoma vizuri, bila kukosea jina hata moja. Maandishi kwenye kioo kilichokuwa mbele yake yakafika mwisho, na fundi mitambo akapeleka kidole kwenye kitufe, akisubiri ule usiku mwema wake wa siku zote.

"Lipo tangazo moja zaidi," alisema mtangazaji.

Kioo cha maandishi kilikuwa kitupu. Nyuma ya dirisha la chumba cha mitambo, meneja alisimama. Mama Poda, aliyekuwa akikusanya brashi zake mlangoni, aliacha kuzikusanya. Fundi aliutazama uso ule, akaondoa kidole.

"Anatangazwa mtoto wa kike wa umri wa miaka minne hivi. Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Alikuwa amevaa gauni la njano na amesukwa mistari minne ya kwenda nyuma. Alikutwa peke yake kwenye kituo cha mabasi, mwaka ule wa mvua nyingi. Kila aliyejaribu kumwondoa pale alimng'ata, akisema mama amekwenda kununua maji, na amemwambia, kaa hapohapo nikuone."

Sauti ilimpasuka. Akaikusanya.

"Mtoto huyu hatafutwi. Anatafuta. Mama, kama unatazama, bado amekaa."

Kisha akaigeuzia kamera shavu la kushoto.